Kulala kwa Gari Kwenye Kona: Msamiati na Mambo Yenyewe

Sentensi tatu zifuatazo zinatofautiana kidogo sana kwa sura, lakini tofauti hiyo inatosha kumpeleka mtu mahakamani. Ya kwanza: "Gari limelala Morogoro." Msikilizaji anaelewa kwamba safari ilikatizwa usiku na gari likaegeshwa mpaka asubuhi. Ya pili: "Gari limelala ubavu karibu na daraja." Hapo pametokea ajali, na watu wanatafuta jeki na kamba. Ya tatu: "Gari linalala sana kwenye kona." Hakuna aliyelala na hakuna aliyeumia. Dereva anamweleza fundi kwamba kila anapokata kona, bodi ya gari huinamia upande wa nje kupita kiasi, abiria hushika viti, na usukani huonekana kuchelewa kutii.

Kinachozitenganisha sentensi hizi si kitenzi, bali njeo na kijalizo. Kulala kwa kona ni jambo la kupita: linaanza gurudumu linapogeuka na kwisha barabara inaponyooka. Kwa sababu hiyo husemwa kwa -na- au hu-, "linalala", "hulala". Likisemwa kwa -me-, maana inahamia kwenye hali iliyokwisha kutimia, na gari lililokwisha kulala limeanguka au limeegeshwa. Mfasiri wa taarifa ya bima au ya polisi anayepuuza kiambishi hiki anaweza kumfanya shahidi aseme kwamba gari lilipinduka ilhali alichosema ni kwamba liliinama tu likapita.

Hatari iliyo kinyume chake hutoka upande wa Kiingereza. Lugha hiyo hutumia neno moja kwa mpira unaobingirika, kwa meli inayoyumba ubavu kwa ubavu na kwa gari linaloinama kwenye kona. Mtu anayefasiri mwongozo wa mtengenezaji akaandika kwamba kifaa fulani "hupunguza kubingirika kwa gari" amemwahidi mnunuzi kinga dhidi ya ajali, ahadi ambayo mtengenezaji hakuitoa. Kubingirika, au kubiringika, ni kuzunguka juu ya mgongo wa kitu chenyewe; kupinduka ni juu kuwa chini; kulala ni kuinamia upande huku magurudumu yakiwa bado chini. Maneno haya hayapokezani.

Tafsiri za mashine zimeongeza mengine. Mfumo unaoibeba bodi juu ya magurudumu huitwa na mashine hizo "kusimamishwa kwa gari", kana kwamba gari ni mtumishi aliyekosa nidhamu. Springi huwa "chemchemi", na chuma kinachounganisha magurudumu mawili huwa "baa", neno ambalo kwa Mswahili ni mahali pa vinywaji au ni janga. Hakuna fundi wa Gerezani wala wa Grogan ambaye angeelewa. Mafundi wana maneno yao, na maneno hayo yanatosha karibu kila hitaji: springi, shokomzoba (ambayo gereji nyingi za Tanzania huiita shokapu), bushi, stabilaiza na linki zake, boljointi, ekseli, difu. Mfumo wote kwa ujumla unaweza kuitwa saspensheni au, kwa namna iliyo wazi zaidi kwa msomaji asiye fundi, mfumo wa springi. Majina haya ya mkopo huingia katika ngeli ya i-/zi-: springi imevunjika, stabilaiza zimelegea. Gari na tairi, katika Kiswahili sanifu, hubaki li-/ya-, ingawa mtaani "gari imeharibika" ni kauli ya kila siku.

Maneno ya baharini

Kiswahili hakikuanza kuhitaji maneno ya kuinama siku lilipofika gari la kwanza. Wanamaji wa pwani walikuwa nayo kitambo. Chombo kinachoyumba huku na huku kwa mawimbi husemwa kinakwenda mrama, na kutoka hapo ndipo ulipopatikana usemi wa mambo kwenda mrama. Shehena nzito iwekwayo chini kabisa ya chombo ili kisipinduke ni farumi. Ngalawa, ambayo gogo lake ni jembamba mno kusimama peke yake juu ya maji, hutandaziwa matengo pande zote mbili.

Farumi na matengo ni masomo mawili ya fizikia yanayolihusu gari moja kwa moja. Farumi hushusha kitovu cha uzito. Matengo hupanua msingi wa kusimamia. Mhandisi wa magari anayetaka gari lisiyumbe ana njia hizo mbili kabla ya nyingine yoyote: kulifanya fupi kwenda juu na kulifanya pana kati ya gurudumu la kushoto na la kulia. Mengine yote, springi ngumu, stabilaiza nene, shokomzoba za bei kubwa, huja baada ya hayo, na hayafanyi kazi ileile.

Tofauti moja hata hivyo ni ya kuzingatiwa na anayeazima istilahi za pwani. Mrama wa chombo ni mwendo wa kwenda na kurudi, unaoendeshwa na mawimbi. Kulala kwa gari ni kuinama upande mmoja na kubaki hapo muda wote wa kona. Gari linalokwenda mrama kweli, yaani linaloyumba kushoto na kulia mara kadhaa baada ya kona kwisha, lina ugonjwa mwingine, na dawa yake ni nyingine, kama itakavyoonekana.

Kwa nini gari hulala

Kila chenye uzito hupenda kuendelea kule kilikokuwa kikienda. Gari linapogeuzwa kushoto, matairi hulivuta kushoto kwa kushika lami. Lakini uzito mkubwa wa gari uko juu ya matairi, katika injini, bodi na abiria, nao unang'ang'ania kwenda mbele. Matairi yanavutwa ndani kwa chini, uzito unabaki nyuma kwa juu, na matokeo yake bodi inageuka kidogo ikiegemea upande wa kulia. Springi za kulia zinabanwa, za kushoto zinaachia. Bodi husimama kuinama pale ambapo nguvu ya springi zilizobanwa imelingana na ile inayoisukuma.

Hapo kuna mambo mawili yanayochanganywa mara nyingi, hata katika vitabu vya mafunzo. La kwanza ni kulala, yaani pembe ambayo bodi inainama. La pili ni kuhama kwa mzigo, yaani kilo ngapi zimeondoka kwenye matairi ya ndani na kuongezeka kwenye ya nje. Kulala kunaonekana kwa macho; kuhama kwa mzigo hakuonekani, lakini ndiko kunakoamua kama tairi litashika au litaserereka, na kama gari litapinduka.

Mfano wa hesabu unasaidia. Chukua gari la kilo 1,400, kitovu chake cha uzito kikiwa sentimita 60 kutoka ardhini, na upana kati ya magurudumu ukiwa mita 1.5. Kona ikiwa kali kiasi cha kulisukuma gari kwa upande kwa nusu ya mvuto wa dunia, mzigo unaohama ni 1,400 mara 0.5 mara 0.6, kisha kugawanya kwa 1.5: kilo 280. Upande wa nje, uliokuwa na kilo 700, sasa unabeba 980. Wa ndani umebaki na 420. Katika hesabu hii springi hazimo kabisa. Ukifunga springi ngumu mara mbili, gari litalala kidogo zaidi ya nusu au pungufu ya pale lilipolala awali, lakini kilo zitakazohama zitakuwa karibu zilezile 280.

Sasa ongeza keria juu ya paa na mizigo ya kilo 100 kwenye urefu wa mita 1.8. Gari ni kilo 1,500, na kitovu kimepanda hadi sentimita 68. Mzigo unaohama katika kona ileile ni kilo 340. Mtu aliyelipa fedha nyingi kulishusha gari lake sentimita 3 kwa springi fupi atakuwa amepunguza kilo 14 tu katika kona hiyo, na mifuko mitatu minne ya mahindi kwenye keria inazirudisha mara nne na zaidi. Na kwa kuwa msukumo wa upande hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo, kupunguza kutoka kilomita 60 kwa saa hadi 50 huondoa karibu asilimia 30 ya msukumo huo bila kununua chochote.

Basi springi na stabilaiza ni za nini? Zina kazi tatu. Zinaweka matairi yakitazama barabara sawasawa, kwa sababu bodi inapolala sana mikono ya magurudumu huyapindisha matairi yakasimamia ukingo badala ya uso mzima. Zinaharakisha jibu la gari: usukani ukizungushwa, gari haliishi kwanza kuinama ndipo ligeuke. Tena, zinaamua mzigo unaohama ugawanywe vipi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Kazi hii ya tatu ndiyo yenye siri nyingi, na ndiyo inayowaponza watu wanaonunua vifaa kwa kutazama rangi yake.

Springi, shokomzoba, stabilaiza

Springi hubeba. Uzito wa gari ukisimama umekaa juu yake, na kiasi cha kilo kinachohitajika kuibonyeza kwa kila milimita kinaitwa ugumu wake, au kwa lugha ya fizikia ukakamavu. Springi ya koili huwa ngumu zaidi ikitengenezwa kwa waya mnene, kwa duara dogo, au kwa mizunguko michache. Springi za bapa, zilizopangwa tabaka juu ya tabaka na kufungwa kwa yuboliti, bado ziko nyuma ya pikapu nyingi, na huongezwa bapa moja au mbili pale mwenye gari anapotaka kubeba zaidi.

Kutokana na hesabu ya mizunguko ndiko kulikozaliwa desturi ya kukata springi kwa msumeno au gesi. Koili yenye mizunguko sita inayofanya kazi, ikikatwa mmoja, huwa ngumu kwa asilimia 20, na gari hushuka. Anayekata hupata alichokitaka kwa siku ya kwanza. Lakini ncha iliyokatwa haikai vizuri kwenye kikalio chake, gurudumu likining'inia kwenye shimo springi inaweza kuchomoka, na moto wa gesi huondoa ugumu ambao kiwanda kiliupa chuma kwa kukipasha na kukipoza kwa utaratibu. Baada ya muda springi hukaa chini kabisa, na gari hugonga vizuizi vya mpira kwenye kila tuta.

Shokomzoba haibebi. Ni bomba la mafuta lenye pistoni yenye vitundu vidogo. Springi inapobonyea au kurudi, mafuta hulazimika kupenya vitundu hivyo, na nguvu ya mdundo hugeuka kuwa joto. Bila shokomzoba gari lingedunda mara nyingi baada ya kila tuta na kuyumba mara nyingi baada ya kila kona. Ule mrama uliotajwa hapo juu ni wake. Lakini shokomzoba haiamui gari litalala kiasi gani katika kona ndefu. Inaamua litafika huko kwa haraka gani na litarudi kwa utulivu gani. Dereva anayefunga shokomzoba ngumu mpya huhisi gari limeacha kulala. Katika mizunguko ya haraka, kama ya kukwepa shimo, yuko sahihi, kwa sababu bodi haipati muda wa kuinama mpaka mwisho. Katika mzunguko mrefu wa kushuka mlima, itainama palepale ilipokuwa ikiinama zamani.

Kwenye barabara ya vumbi yenye rasta, kazi ya shokomzoba huwa ya mfululizo bila kupumzika. Mafuta hupata joto, huchanganyika na hewa na kuwa povu, na povu halizuii kitu. Ndiyo maana shokomzoba za safari ngumu hujazwa gesi ya naitrojeni kwa shinikizo ili povu lisipatikane kwa urahisi, na bomba zake huwa nene zibebe mafuta mengi zaidi.

Stabilaiza ndiyo kifaa kilichobuniwa hasa kwa ajili ya kulala. Ni fito la chuma cha springi lililopindwa mfano wa herufi U pana; sehemu ya kati imeshikwa na bushi mbili kwenye fremu, na kila ncha imeunganishwa kwa linki kwenye mkono wa gurudumu lake. Magurudumu yote mawili yakipanda tuta pamoja, fito huzunguka ndani ya bushi bila kufanya lolote. Moja likipanda na jingine likashuka, kama inavyokuwa kwenye kona, fito husokotwa, na upinzani wake dhidi ya msokoto ndio unaoinua upande ulioinama. Hataza ya kifaa cha aina hii ilitolewa mwaka 1919 kwa Stephen Coleman wa Fredericton, Kanada, na wazo lenyewe halijabadilika sana tangu hapo.

Ukakamavu wa fito linalosokotwa hukua kwa kipeo cha nne cha kipenyo chake, na hili huwashangaza wengi. Stabilaiza ya milimita 25 mahali pa ile ya milimita 22 inaonekana mkononi kama chuma kilekile, lakini ni ngumu zaidi kwa takriban asilimia 67. Kwa hiyo mwongozo unapoandika "milimita 3 zaidi", mfasiri asidhani ni jambo dogo na kuliacha lipite bila kuangalia tarakimu mara ya pili.

Kukataa kona na kutupa mkia

Tairi lina tabia moja isiyo ya haki: likiongezewa mzigo mara mbili, halishiki lami mara mbili. Linashika zaidi, lakini si kwa uwiano uleule. Kutokana na hilo, ekseli ambayo mzigo mwingi umehama kutoka tairi moja kwenda jingine hushika kwa jumla kidogo kuliko ekseli ambayo matairi yake yamegawana mzigo sawasawa.

Stabilaiza nene ikifungwa mbele, sehemu kubwa zaidi ya zile kilo 280 huhamia kupitia ekseli ya mbele. Gari halilali, lakini matairi ya mbele yanaanza kupoteza mshiko mapema: dereva anazungusha usukani na pua ya gari inaendelea kwenda nje. Husemwa gari linakataa kona. Ikifungwa nyuma, mambo yanageuka: mbele hushika, nyuma huanza kuteleza, na gari hutupa mkia. Magari yenye injini mbele na kuendeshwa na magurudumu ya mbele, ambayo kwa asili hukataa kona, hufaidika na stabilaiza ya nyuma, mradi isizidi. Volkswagen Golf GTI ya kizazi cha kwanza huonekana katika picha nyingi ikikata kona huku gurudumu la ndani la nyuma limeinuka kabisa kutoka barabarani. Gari tupu la aina nyingine lililofungwa stabilaiza nene nyuma na kuendeshwa juu ya lami iliyolowa linaweza kumgeukia dereva wake bila onyo.

Kwa upande wa istilahi, Kiswahili hakijapata jozi moja iliyokubalika na wote kwa hali hizi mbili. "Kukataa kona" na "kutupa mkia" zina sifa ya kueleweka na dereva yeyote mara ya kwanza. Waandishi waliojaribu kuunda nomino kwa kuambatisha "chini ya" au "kupita kiasi" kwenye usukani wamepata maneno marefu yasiyoonyesha gari linaelekea wapi, nayo hayafai kupendelewa.

Jaribio la Sweden

Mwezi Oktoba 1997 jarida la magari la Sweden, Teknikens Värld, lililipeleka gari jipya la Mercedes-Benz, A-Class, kwenye jaribio la kukwepa. Dereva hugeuza ghafla kwenda upande mmoja kana kwamba kimetokea kizuizi, kisha hurudi upande wake mara moja. Waswidi huliita jaribio hilo kwa jina la älg, mnyama mkubwa wa misitu ya kaskazini ambaye huvuka barabara bila hadhari. Kamusi nyingi humweka katika kundi la kulungu; neno hilo huko nyumbani ni la mnyama mdogo zaidi sana, na mfasiri mwangalifu huongeza maelezo.

A-Class lilikuwa gari fupi kwa urefu lakini refu kwenda juu. Lilipinduka, kwa mwendo wa takriban kilomita 60 kwa saa, mwendo ambao basi la mjini huufikia. Mtengenezaji alianza kwa kupuuza, kisha akasitisha mauzo kwa majuma 12, akaurekebisha mfumo wa springi na kuweka katika kila gari mtambo wa kielektroniki uitwao ESP, unaofunga breki ya gurudumu moja moja kompyuta inapohisi gari linapotea njia. Mtambo huo ulikuwa wa magari ya bei kubwa hadi hapo. Tukio hilo liliuharakishia njia ya kuingia katika magari madogo.

Mgeuzo wa pili ndio unaoangusha. Katika mgeuzo wa kwanza bodi hulala upande mmoja na springi za upande huo hubanwa. Usukani unaporudishwa, springi hizo huachia kwa wakati uleule ambao uzito wote unatupwa upande mwingine, na gari hulala kwa nguvu ya mambo mawili badala ya moja. Hapo ndipo shokomzoba, ambazo katika kona ndefu hazina usemi, zinapokuwa na usemi mkubwa kuliko vyote. Mwaka 1999, katika jaribio la jarida hilohilo, Citroën Xantia Activa ilipita kwa kilomita 85 kwa saa. Stabilaiza zake zilikuwa zikisukumwa na mafuta yenye shinikizo ili kuizuia bodi isilale, na rekodi hiyo ilidumu miaka mingi.

Barabara mbaya na gharama yake

Mtu anayesoma hayo anaweza kuamua kwamba gari bora ni lile lisilolala hata kidogo. Kwenye lami laini ya uwanja wa mashindano, karibu ni kweli. Kwenye barabara ya kwenda shambani, si kweli. Stabilaiza nene huyafunga magurudumu mawili yasiwe huru: shimo la kushoto husikika kulia, na kichwa cha abiria hutikiswa kando kwa kando. Gurudumu moja likishuka kwenye mtaro, fito hulizuia lisifike chini. Linabaki hewani, difu ya kawaida huupeleka mzunguko wote kwenye gurudumu hilo lisilogusa kitu, na gari hukwama. Magari ya Safari Rally, mashindano yaliyoanza mwaka 1953 na kuwafunza watengenezaji wa Ulaya na Japani jinsi chuma kinavyochoka, huinuliwa na kupewa safari ndefu ya springi badala ya kushushwa, na kulala kidogo huvumiliwa kama bei ya kufika.

Toyota iliujibu mgongano huo kwa KDSS, mfumo uliofungwa katika baadhi ya Land Cruiser za mfululizo wa 200. Stabilaiza ya mbele na ya nyuma zimeunganishwa na mabomba ya mafuta: kwenye kona zote mbili husokotwa upande mmoja, shinikizo hujifunga na fito hufanya kazi kamili, kwenye mabonde ya njia mbaya husokotwa pande tofauti, mafuta hupita, na magurudumu huwa huru. Hilo huwezekana bila kompyuta kuamua kila mara, na ni wazo zuri kuliko jina lake.

Kushusha gari nako kuna mtego wake. Bodi hulala kuzunguka mhimili ambao mahali pake huamuliwa na mikono ya magurudumu. Katika magari mengi madogo, ambayo mbele yana shokomzoba iliyosimama ndani ya springi na mkono mmoja wa chini, gari likishushwa kupita kiasi mkono huo huinama kuelekea juu kwa nje, na mhimili huporomoka haraka kuliko kitovu cha uzito kinavyoshuka. Umbali kati ya viwili hivyo ndio nyenzo inayoilaza bodi. Gari limeshuka, linapendeza, na springi zisipokuwa ngumu vya kutosha linalala zaidi.

Kazi inapoanza

Fundi mwenye uzoefu hafungui boksi la vifaa vipya kabla ya kulitazama gari lililoletwa. Malalamiko mengi ya gari kulala hutoka kwa vitu vilivyochakaa, si kwa vilivyokosekana. Hupima upepo wa matairi kwanza, kwa sababu tairi lenye upepo kidogo hulala lenyewe kabla bodi haijalala. Hukandamiza kona ya gari kwa mikono na kuiachia: ikipanda na kutulia, shokomzoba ni nzima, ikiendelea kudunda, imekufa. Hutazama kama mafuta yametiririka kwenye bomba lake. Kisha hutikisa linki za stabilaiza na kuchunguza bushi zake. Bushi iliyolika ikaacha nafasi ya milimita chache humaanisha kwamba sehemu ya mwanzo ya kulala haizuiwi na chochote, na mlio wa kugonga kwenye mashimo madogo ndio ushahidi wake.

Baada ya ukarabati huo wengi hugundua kwamba hawakuhitaji zaidi. Anayehitaji huanza na matairi mazuri, kisha stabilaiza iliyopimwa kwa gari hilo, ikiwezekana yenye matundu mawili au matatu kwenye ncha ili linki iweze kusogezwa: karibu na kiungo cha kati huongeza ugumu, mbali hupunguza. Bushi za mpira huweza kubadilishwa kwa za poliurethani, ambazo hazibonyei kwa urahisi lakini hulia kama mlango mkavu zisipopakwa grisi yake maalumu. Springi na shokomzoba hubadilishwa pamoja, kwa jozi kwa kila ekseli, kwani springi ngumu juu ya shokomzoba laini huizalisha tena ile mrama. Kifaa kimoja hufungwa kwa wakati mmoja na gari hujaribiwa, la sivyo hakuna ajuaye ni kipi kilicholeta badiliko.

Bolti za bushi za mikono ya magurudumu hukazwa kwa mwisho gari likiwa limeshushwa chini, limesimama kwa uzito wake. Zikikazwa likiwa juu ya jeki, mpira hubaki umesokotwa siku zote na kuchanika mapema. Halafu gari hupelekwa kwenye mashine ya alaimenti, maana urefu wowote uliobadilika umebadilisha pia pembe ambazo matairi yanatazama. Katika karatasi ya mashine hiyo mfasiri atakutana na pembe ya tairi kuinama ndani au nje kwa juu, na pembe ya matairi mawili kukaribiana au kuachana kwa mbele. Mafundi huita ya kwanza kemba na ya pili to-ini, na neno "kulala" litumikapo katika karatasi hiyo huwa linahusu tairi, wala halihusu bodi.